Warumi: Union Version au Habari Njema?

Mgeni: Bwana asifiwe wapendwa. Naanza kujisomea Waraka kwa Warumi. Kati ya tafsiri hizi mbili za Biblia, Union Version na Habari Njema, nichukue ipi?

Mwalimu wa Biblia: Zote mbili, ndugu. Soma sura nzima kwenye Habari Njema upate mtiririko, kisha urudie mistari 5 hadi 10 kwenye Union Version ya 1952. Sentensi za Paulo ni ndefu. Zikikatwakatwa ili zieleweke, kama kwenye Habari Njema, viunganishi kama “kwa maana” na “basi” huweza kupotea, na hoja yote imening’inia hapo. Vipigie mstari kwa penseli.

Mzee wa kanisa: Naongeza: itifaki, yaani kitabu cha kutafutia neno liko mstari gani wa Biblia, iwe ya tafsiri hiyohiyo unayosoma, la sivyo neno hulioni. Na siku ukisoma Injili, usishtuke kukuta Yohana 5:4 kwenye mabano au tanbihi. Haimo katika nakala za kale zaidi.

Mgeni: Asanteni, mbarikiwe.