Mjadala: Tamthilia za enzi za kale zikiacha hesabu ya pesa, zinabaki na nini?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Kila ikitoka tamthilia mpya iliyotokana na riwaya ya zamani, ugomvi huwa ule ule. Kundi la kwanza linahesabu yaliyorukwa: mbona mjomba hayupo, mbona barua haikusomwa, mbona wamebusiana na kitabuni hawakubusiana. Kundi la pili linajibu kwamba kitabu ni kitabu na filamu ni filamu, tuacheni tutazame. Mimi nazipenda kazi hizi kupita kiasi na huzipigia debe kwa yeyote atakayenipa sikio, lakini naona makundi yote mawili yanakosa shabaha. Mwongozaji abadilishe atakacho. Ahamishe mahali, aongeze busu, apunguze wajomba. Asiguse pesa tu. Nani anarithi, nani anafukuzwa nyumbani siku baba akifa, nani ana shilingi ngapi kwa mwaka: hiyo ndiyo roho ya riwaya hizi, mengine ni mapambo.

Chukueni Sense and Sensibility, riwaya ya Jane Austen, kwenye ile filamu ya 1995 ya Ang Lee. Kitabuni, baba anakata roho akimwomba mwanawe John awatunze mama yake wa kambo na dada zake. John anapania kuwapa dada watatu pauni 3,000, elfu moja kila mmoja. Mkewe Fanny anaanza kumshusha. Mia tano kila mmoja si zinatosha? Au mama yao alipwe mia kila mwaka? Hapana, watu wanaolipwa kila mwaka hawafi upesi. Basi hamsini za mara moja moja. Wanaishia kukubaliana kwamba baba hakumaanisha pesa kabisa, alitaka wasaidiwe kuhamisha vyombo na kupelekewa samaki na nyama ya mawindo msimu ukifika. Emma Thompson, aliyeandika mswada, ameyagawa mazungumzo hayo katika vipande vifupi, vingine ndani ya gari la farasi wakiwa njiani kwenda kuitwaa nyumba. Unacheka, halafu unashtuka kwamba watu wanne wameshaporwa maisha yao na hakuna aliyepaza sauti. Thompson mwenyewe alikuwa amefikisha miaka 35 na ushei akiigiza Elinor, ambaye kitabuni ana miaka 19. Nani anajali? Mswada ule ulimpa Oscar na alistahili.

Sasa linganisheni na Persuasion, riwaya nyingine ya Austen, ile filamu ya Netflix ya 2022. Anne Elliot ana miaka 27. Miaka minane nyuma alishawishiwa amkatae baharia Wentworth kwa sababu hakuwa na mali. Wentworth anarudi na pauni 25,000 alizozipata kwa kuteka meli za adui, huku baba yake Anne amefuja mpaka inabidi jumba lao lipangishwe. Hadithi nzima imekaa juu ya hesabu hiyo. Filamu ikamfanya Anne atukonyeze kwenye kamera, apige mafumbo, anywe mvinyo chupani. Nikaona msichana anayeweza kufunga mizigo na kuondoka wakati wowote akichoka. Sasa huzuni yake inatoka wapi?

Na ninyi mnaohesabu vifungo vya makoti, samahani, ila kifungo hakijawahi kumpa mtu paa juu ya kichwa. Karibuni tubishane.

Fundi wa nguo

Hapo kwenye vifungo umechemsha, mkuu. Gauni la enzi zile ndiyo hesabu yako yenyewe, ila imeshonwa. Kwenye Northanger Abbey ya Austen, kijana Henry Tilney anamteka mama mmoja mtu mzima kwa kujigamba kwamba alimnunulia dada yake melimeli halisi ya India kwa shilingi tano tu yadi. Mwandishi alijua wasomaji wake watapiga hesabu palepale. Melimeli nyeupe inashika uchafu kwa kuitazama tu, kwa hiyo anayeivaa kutwa anawatangazia majirani kwamba kuna watu wa kumfulia. Elizabeth Bennet wa Pride and Prejudice anapotembea mashambani kwenda kumwona dada yake mgonjwa nyumbani kwa tajiri Bingley, wale kina dada wa Bingley wanamsema kwa tope lililopanda inchi sita kwenye sketi yake ya ndani. Wanachomaanisha ni kwamba hakuja kwa gari.

Ndiyo maana sisi tunakasirika nguo zikikosewa. Sehemu ya kwanza ya Bridgerton, ile tamthilia ya Netflix, kuna binti anakazwa koseti mpaka pumzi inamkata, ili kiuno kiwe chembamba. Kiuno gani? Gauni za miaka ile zinakatwa chini ya kifua, kiuno hakionekani! Mtu aliyebuni tukio hilo alikuwa na enzi nyingine kichwani.

Ukitaka kuona nguo zinavyosema, tazama Persuasion ya 1995 ya Roger Michell. Nyuso hazina vipodozi, makoti yamechakaa, na Amanda Root anaingia kwenye hadithi akiwa amepauka kama mtu aliyezoea kusahauliwa. Pesa zote ulizozililia zimo kwenye vitambaa vile.

Shabiki wa Bridgerton

Nilijua tu tutafika hapa. Bridgerton haikutoka kwenye riwaya ya enzi zile, ilitoka kwa mwandishi wa siku hizi, Julia Quinn, na kitabu chake cha kwanza cha mfululizo huo ni cha mwaka 2000. Mnamdai deni ambalo hakukopa.

Halafu mleta mada, umeitazama kweli? Familia ya Featherington, baba anacheza kamari mpaka pesa za kuwaozea mabinti zinakwisha, anakufa, nyumba inaenda kwa ndugu wa kiume wasiyemjua. Mama anabaki na mabinti watatu na tabasamu la uongo usoni. Kama kipimo ni pesa, mbona hawa hamuwataji?

Na jingine nitalisema wazi. Nilikaa miaka na miaka nikitazama magauni haya huku watu wa rangi yangu wakiwa ama hawapo ama wamebeba sinia. Malkia Charlotte, ambaye Bridgerton imempa mwigizaji mweusi, anapoketi pale na manywele yake marefu kuliko mlango, mimi nafurahi. Sitaki kuomba ruhusa ya mtu ili nifurahi.

Msomaji wa historia

Furaha yako haina kesi. Wanaosema "weusi walitoka wapi London ya zamani" ndio wenye kesi. Dido Elizabeth Belle alizaliwa 1761, mama yake akiwa mtumwa, akalelewa katika jumba la Kenwood kwa Lord Mansfield, jaji mkuu wa Uingereza, yule yule aliyeamua mwaka 1772 kwamba Somerset, mtumwa aliyetoroka, hawezi kusafirishwa kwa nguvu kurudishwa utumwani. Amma Asante alitengeneza filamu juu yake, Belle, 2013. Kwa hiyo walikuwapo.

Ninachokataa ni kitu kingine. Mleta mada anasema tuchunge pesa, lakini anaishia kuhesabu zinakokwenda na kusahau zilikotoka. Mansfield Park ya Austen: baba mwenye jumba ana mali Antigua, kisiwa cha Karibi, na mali Antigua miaka ile ni miwa na watumwa. Fanny wa humu, msichana anayelelewa katika jumba hilo, anauliza habari za biashara ya watumwa, na sebule nzima inanyamaza kimya. Sentensi chache tu kwenye riwaya nzima. Mwongozaji Patricia Rozema mwaka 1999 alizichukua zile sentensi akazifanya kidonda cha filamu yote, mpaka na michoro ya mateso ikaonyeshwa. Wasafi wa kitabu walimshambulia. Mimi naona yeye ndiye aliyesoma vizuri. Na ulimwengu wa Bridgerton, wenye madukwi (makabaila wakuu) weusi na hariri zote zile, hauniambii hiyo sukari ya kwenye keki inalimwa na nani.

Shabiki wa Bridgerton

Keki zenyewe ni za kuigiza, ndugu yangu. Lakini nimekusikia.

Mwalimu wa fasihi

Mimi sikubaliani na mada tangu mzizi wake. Mnaongea kana kwamba riwaya ni daftari la mhasibu. Kinachopotea kwenye skrini kila mara ni sauti ya msimulizi. Austen anakucheka wewe msomaji huku anakuchekesha, na hakuna kamera iliyowahi kulipata hilo kikamilifu. Ile Anne wa 2022 anayeongea na kamera, wajinga wale walikuwa wanaitafuta sauti hiyo. Wameikosa vibaya, nakubali, ila angalau walijua kuna kitu cha kutafuta.

Pia kipimo chako kinashindwa nje ya Austen. Wuthering Heights ya Emily Brontë ni pesa? Ile ni mapenzi na kisasi, pepo na makaburi.

Mleta mada

Mwalimu, umenipa mfano mzuri kwa upande wangu. Heathcliff, yule mtoto wa kuokotwa, analipiza kisasi kwa nini? Kwa rehani! Anamwacha Hindley, mwenye nyumba aliyemtesa, acheze kamari na kunywa mpaka nyumba yote iko mikononi mwake, kisha anamlazimisha binti wa Catherine, mpenzi wake wa zamani, aolewe na mwanawe ili apate na nyumba ya pili. Filamu ya 1939 ya Wyler ilikata kizazi cha pili chote, karibu nusu ya kitabu. Tukabaki na wapenzi wawili kwenye upepo, na watu wengi mpaka leo wanadhani kitabu ni hicho.

Kwa Featherington, shabiki, nakupa haki yako. Ile nyumba ndiyo niitazamayo kwa makini kuliko ya dukwi. Kwa Antigua sina la kupinga, ni pesa ile ile iliyofuatwa mpaka shambani.

Kuhusu sauti ya msimulizi, sikubali. Kuna maneno yasiyomo kitabuni yanayokitumikia kitabu kuliko kunukuu. Pride and Prejudice ya 2005, Charlotte Lucas anapomweleza rafiki yake kwa nini amemkubali yule kasisi mchosho: ana miaka 27, hana pesa, ni mzigo kwa wazazi wake, na anaogopa. Kitabuni hasemi kwamba anaogopa. Lakini lile neno moja limebeba kurasa kadhaa.

Mfano bora zaidi ni North and South ya BBC, 2004. Mashabiki wote wanakumbuka busu la kituo cha treni, na kituo hicho hakimo kwenye riwaya ya Elizabeth Gaskell. Kwake yanatokea sebuleni London. Ila tazameni wanaongea nini kabla ya busu. Margaret amerithi, Thornton kiwanda kimefilisika, na msichana anatoa pendekezo la kibiashara la kumkopesha, huku sauti inamtetemeka. Kitabuni anataja mpaka kiasi: pauni 18,057 zimelala benki zikizaa asilimia mbili na nusu tu. Hilo ndilo tamko lake la mapenzi! Wamebadilisha mahali, wamebakisha mkopo, na kazi imesimama.

Fundi wa nguo

Hiyo ya 2005 lakini walizidisha. Nguruwe anapitishwa ndani ya nyumba ya Bennet! Mzee yule ana pauni 2,000 kwa mwaka, si mkulima wa kijungujiko. Tatizo lake ni kwamba mali imefungwa irithiwe na mwanamume na yeye ana mabinti watano. Ukimfanya maskini tangu mwanzo, umeua kitisho chenyewe.

Mleta mada

Kweli, ila hapo wamekosea kwa kuzidisha kile kile ninachokitaka, kwa hiyo nawavumilia.

Mgeni

Mimi sijawahi kutazama hata moja, nimevutwa na kelele zenu. Nianze na ipi? Na nisome kwanza?

Mleta mada

Usisome kwanza. Anza na Pride and Prejudice ya 1995, sehemu sita, mswada wa Andrew Davies. Ina nafasi ya kutosha kumwacha mama Bennet awe kero mpaka umuelewe: ni yeye peke yake katika nyumba ile anayepiga hesabu ya siku mumewe atakapokufa. (Ile ya Darcy, mpenzi wa Elizabeth, kutoka ziwani na shati limelowa ni ya Davies, usiitafute kitabuni.) Kisha Sense and Sensibility, kisha North and South. Ukiwa umenogewa, Little Women ya Greta Gerwig, 2019. Wamevuruga mfuatano wa matukio na mwisho wake wameuacha na alama ya kuuliza, lakini Jo, msichana mwandishi, anakaa mbele ya mchapishaji anabishania asilimia mpaka inafika 6.6, na hakimiliki anakataa kuiuza. Louisa May Alcott mwenyewe, aliyeandika riwaya hiyo, hakuiuza yake.

Mwalimu wa fasihi

Mgeni, soma kwanza. Ukishamwona Darcy mwenye sura ya mwigizaji Colin Firth, hutamwona tena mwenye sura yako.

Na nawashangaa, mjadala wote wa Kiswahili na hakuna aliyetaja Vuta N'kuvute. Riwaya ya Adam Shafi ya 1999, filamu ya Amil Shivji ya 2021, Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin ameozwa kwa mwenye duka anayeweza kuwa baba yake, anatoroka, anaangukia mapenzini na Denge aliye kwenye harakati za kumwondoa mkoloni. Mleta mada, kipimo chako kinatosha hapo?

Mleta mada

Kinatosha nusu. Ndoa ya mwenye duka, ndiyo. Denge, hapana. Yule hapimwi kwa mapato yake kwa mwaka.

Msomaji wa historia

Mngeongeza Devdas. Riwaya ya Kibengali ya 1917, imetengenezwa filamu mara nyingi. Paro, mpenzi wa Devdas, anakataliwa na kina Devdas kwa sababu kwao ni watu wa chini yao. Ya Bimal Roy, 1955, unaiona tofauti hiyo kwenye kila ua na kila ukuta. Ya Bhansali, 2002, nyumba ya Paro imejaa vioo vya rangi mpaka dari, jumba la kifalme. Sasa wanamkataa kwa lipi?

Mleta mada

Asante! Ndicho nilichotaka kusema tangu mwanzo.

Shabiki wa Bridgerton

Ya 2002 hamnitoi. Madhuri na Aishwarya wanacheza pamoja na mnataka niangalie kuta?