Masaji ya Uswidi, shiatsu au ya Kithai: ipi inafaa shingo iliyokaza?

Kiti_na_Meza

Wakuu, habari zenu. Kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa. Shingo imekaza, na nikigeuza kichwa kulia bega linauma. Juzi nilikandwa ile wanayoita masaji ya kina. Mkandaji alinizamisha kiwiko mgongoni hadi nikauma meno, na nikimwambia naumia ananijibu nivumilie, ndiyo inafanya kazi. Nimetoka na madoa ya kuvilia damu, na shingo iko vilevile. Sasa naona zinatajwa ya Uswidi, shiatsu, ya Kithai, ya limfu. Zinatofautiana kweli au ni majina tu ya biashara? Na je, ni lazima iume ndipo isaidie?

Viganja

Pole sana, ndugu yangu. Mimi ni mkandaji, na nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Hapana, si lazima iume. Msuli ukiumizwa hujikaza ili kujilinda. Mkandaji akiongeza nguvu, nao unazidi kukaza. Kuvilia damu ni vishipa vidogo vya damu vilivyopasuka chini ya ngozi, wala si ushahidi wa tiba. Masaji ya kina ikifanywa inavyotakiwa huenda taratibu mno: mkono unatua, unangoja tabaka la juu lilegee, ndipo unashuka. Utasikia uzito, hata maumivu kidogo, lakini unapumua vizuri. Ukijikuta umezuia pumzi, mwambie apunguze. Asipopunguza, inuka uvae nguo zako uondoke.

Kuhusu majina, tofauti zipo. Ya Uswidi ndiyo wengi wetu tulianza kufundishwa: mafuta, umelala mezani umefunikwa shuka, mikono inateleza, inafinya, inasugua, inapigapiga. Sifa zote hupewa Per Henrik Ling wa Uswidi, aliyefariki 1839, ingawa anayehusishwa zaidi na kuzipanga mbinu hizo ni daktari Mholanzi, Johann Georg Mezger. Naona si haki anavyosahauliwa.

Shiatsu imetoka Japani. Huvui nguo wala hupakwi mafuta. Unalala kwenye godoro jembamba sakafuni, naye anakubonyeza kwa vidole gumba na viganja akiegemeza uzito wa mwili wake. Kwa mtu anayeona haya kuvua nguo mbele ya mgeni, humo atatulia. Ya Kithai nayo ni ya sakafuni na nguo zako mwilini, ila utavutwa, utakunjwa na kunyooshwa. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2019. Naipenda kwa nyonga na mapaja. Kwa shingo yako ilivyo sasa nisingeanzia huko, na asikuzungushe mtu kichwa ghafla, iwe kwa mtindo wowote.

Ya limfu, yaani ya majimaji yanayopita mwilini katika vijishipa vyake mbali na damu, ni laini kuliko zote, na ndiyo watu huidharau. Emil Vodder na mkewe Estrid, wa Denmark, waliibuni miaka ya 1930. Vijishipa vya limfu vinakoanzia viko chini tu ya ngozi, kwa hiyo mkono unaivuta ngozi polepole bila kukandamiza. Inasaidia uvimbe, kwa mfano wa mkono baada ya tezi za kwapani kuondolewa kwa sababu ya saratani ya titi. Shingo iliyokaza haihusiki.

Wewe tafuta ya Uswidi, nguvu ya wastani, na omba akukande kifua pia. Anayeinamia kompyuta hubeba mabega mbele, na wakandaji wengi humaliza mgongo wote bila kugusa misuli ya kifuani.

Binti_Mkubwa

Samahani kuingilia. Mama yangu mguu mmoja umevimba tangu jana, unauma na una joto. Nimkande mwenyewe nyumbani?

Viganja

Usimkande kabisa, dada. Mguu mmoja kuvimba, kuuma na kupata moto huweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, na kipande kikichomoka kinaweza kwenda kwenye mapafu. Mpeleke hospitali leo hii. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie daktari.

Kiti_na_Meza

Asante sana mkuu. Kingine: waliniambia ninywe maji mengi ili kutoa sumu zilizofumuliwa na masaji. Ni kweli?

Viganja

Kunywa ukiwa na kiu. Masaji haifumui sumu. Kusafisha damu ni kazi ya ini na figo, zikandwe zisikandwe. Ila hujaniambia jambo moja: maumivu yanashuka mkononi? Kama kuna ganzi vidoleni au mkono unalegea ukishika kitu, ahirisha masaji uonane na daktari kwanza.

Kiti_na_Meza

Hapana, yanaishia begani.

Viganja

Basi nenda. Kabla hajaanza, mwonyeshe madoa yalipo ili apite mbali nayo mpaka yapone.