Naomba ushauri: Mzee wangu ni mwalimu wa urubani, anakaribia miaka 65

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa.

Baba yangu anafundisha urubani uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa ndege ndogo ya Cessna 172. Ana leseni ya urubani wa biashara, kibali cha ukufunzi, na madaftari ya saa za kuruka yamejaa kabatini. Ni mwalimu hasa: mwanafunzi akizoea kutua, yeye huweka mikono mapajani ili kijana ajue ndege iko mikononi mwake. Vipimo vya afya anapita vizuri.

Sasa wenzake wanamwambia akifika 65 ndiyo basi. Nimesoma kanuni za ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga). Ukomo wa 65 unahusu marubani wa safari za kibiashara za kimataifa, sioni ukufunzi ukitajwa. Tumeuliza chuo anakofundisha, kila ofisi ina jibu lake.

Waliopitia KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Kenya), naomba kujua:

Je, Kenya mwalimu wa urubani anaruhusiwa kufundisha angani baada ya 65 akiwa na cheti halali cha afya? Na kama haruhusiwi, anahitaji kibali gani kufundisha darasani au kwenye simuleta (mashine ya kuigiza kurusha ndege)?

Hataki kupumzika, na mimi sitaki aache. Natanguliza shukrani.