Tupeane uzoefu: Mlioenda Zanzibar kutembea (siyo semina), nini kiliwakuta?

Mtoto wa Ziwa
Wadau, kwema? Mwezi ujao nampeleka mama watoto na vijana wetu wawili Unguja, siku tano. Orodha tayari anayo: pomboo, kobe, kuzamia Mnemba, picha kwenye ule mchanga wa Nakupenda. Maelezo ninayoyapata mtandaoni ameandikiwa Mzungu, mara dola, mara uwanja wa ndege. Nataka ya mliokwenda kwa hela zenu.

Naanza na langu. Nilikwenda mwaka 2019, mwezi wa saba, boti ya jioni. Mimi nimevuka kivuko cha Kigongo–Busisi tangu nikiwa mgongoni, nikajiona mtu wa maji. Nikapiga chipsi mayai pale bandarini. Tulipoiacha Dar nyuma, mhudumu akaanza kupita na vifuko vyeusi, anagawa kama muuza karanga. Nikamkatalia kwa dharau. Nusu saa baadaye nilikuwa namwita kwa mkono, mdomo siwezi kuufungua.

Mama Wawili
Pole 😂 Mwezi wa saba ni msimu wa upepo wa kusi, bahari imechafuka. Panda ya asubuhi, kaa chini sehemu ya nyuma, usile kitu cha mafuta. Na vitambulisho vya nyote viwe mkononi, siyo ndani ya begi ulilolikabidhi kwa wapagazi.

Sharubu
Mnemba nilikwenda kutokea Matemwe. Kisiwa chenyewe hushuki, kina hoteli ya wenye nazo, unaishia kwenye matumbawe yanayokizunguka. Nikavaa miwani ya kuzamia, nikatia uso majini, maji yakaingia yote. Nikatoka, nikamwaga, nikarudi, yale yale. Mara ya nne nikamwambia nahodha miwani yako mbovu. Akaniangalia, akacheka, akachukua kikopo cha mafuta ya mgando akanipaka kwenye masharubu kama ananipaka mtoto wake. Kisha akatema mate ndani ya kioo, akasuuza, akanirudishia. "Sasa nenda."

Aisee. Yule samaki wa mistari ya njano na nyeusi alikuja mpaka kwenye pua. Nilisahau kupumua kwa mrija, nikameza bahari. Masharubu nimenyoa tangu siku ile.

Bi Mkunazini
Nyie wa bara mnakuja na ratiba ya saa, bahari haina saa hiyo. Kaka wa ziwa, kabla hujalipa boti yoyote tazama mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua: maji yanapwa sana, na yanakauka kiasi cha saa nne asubuhi, yanajaa alasiri. Nakupenda ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa halipo! Wageni wa dada yangu walichukuliwa saa tisa siku ya bamvua, wakafika wakasimama na sahani za pweza, maji ya magoti, miavuli inaelea. Papasi aliyewauzia safari alikuwa keshakula kamisheni yake yuko Forodhani.

Na ukilala Paje au Jambiani usishangae kuamka ukakuta bahari imekwenda zake. Utawaona akina mama huko mbali wanashughulika na mwani wao. Si mandhari ya kupigia picha tu, wako kazini, salimia kwanza. Ukitaka kuogelea wakati wowote na watoto, nenda Nungwi, kule maji hayatoki mbali. Daladala namba 116 inafika.

Fundi Redio
Bi Mkunazini kasema kweli. Mimi nilitembea juu ya mwamba Jambiani maji yalipokauka, pekupeku. Nikakanyaga yule mdudu wa miiba myeusi. Miiba saba kwenye kisigino, nimeihesabu. Bibi mmoja akatuma mtoto akakate papai bichi, akanipaka utomvu. Umeniwasha sana lakini jioni nilikuwa natembea. Nunua viatu vya mpira.

Mama Wawili
Pomboo nitasema na mtanisamehe. Kizimkazi tulifika alfajiri, bahari kama kioo. Boti yetu ikawaona wa kwanza, watatu wanakwenda taratibu. Dakika kumi hazikupita zikaja boti nyingine, nikahesabu kumi na moja, zote zinaunguruma kuwakatia njia mbele. Kijana wa boti yetu anapiga kelele "ruka! ruka!" na watu wanajitupa juu yao. Wale wanyama wakazama wakaibukia mbali, boti zote zikageuka nyuma yao. Binti yangu wa miaka tisa akauliza, "Mama, kwani wamefanya nini?" Tukamwomba nahodha aturudishe, akashangaa maana tulishalipa.

Kilichoniponya ni msikiti wa kale wa pale Kizimkazi Dimbani. Kwa nje ni bati na kuta za kawaida, unaweza kuupita. Ndani kwenye kibla kuna maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107. Mzee aliyetufungulia alikuwa hana haraka kabisa.

Likoni Feri
Sisi wa Mombasa hao pomboo twawaona Shimoni, ukivuka kwenda Wasini na Kisite. Boti si nyingi hivyo. Halafu Wasini kuna njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe, akina mama wa kisiwa ndio wenyewe. Unguja niliipendea msitu wa Jozani. Wale kima punju, wekundu mgongoni, asili yao ni Unguja tu. Mmoja nilimuona kakaa juu ya ua wa mtu, kashika kipande cha mkaa anatafuna kama muwa. Nikadhani mgonjwa. Mwenye shamba akasema wala, majani wanayokula yana sumu, mkaa ndio dawa yao. Akaongeza kuwa nazi zake changa nazo wanazimaliza, na hilo halina dawa.

Sharubu
Kisiwa cha Changuu msiache, watoto wanafurahi. Kobe wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na wengine umri wao umeandikwa kwa rangi mgongoni. Ukimkuna shingo anainyoosha yote na kufumba macho, kama mzee anayenyolewa. Lile gereza lililojengwa miaka ya 1890 halikuwahi kufunga mtu, liliishia kuwa karantini ya homa ya manjano.

Mtoto wa Ziwa
Nimewasoma wote. Nimechukua kalenda: siku yetu ya pili ndiyo mwezi mpevu. Kwa hiyo Nakupenda na Changuu saa mbili unusu asubuhi, Mnemba nitasubiri maji yatulie. Pomboo nimemsomea mama watoto alichoandika Mama Wawili, amewafuta mwenyewe kwenye orodha.

Swali moja limebaki. Huyo muuza papai bichi anapatikana pande za Nungwi, au nitoke na langu Mwanza?

Bi Mkunazini
Njoo mikono mitupu, mipapai ipo kila ua. Viatu ndio usisahau.