Kutoa masega: hiari ya mwenye gari au tukataze?

Wadau, Jumamosi nilikuwa gereji moja hapa Arusha, pande za Unga Limited. Fundi alikata ekzosi ya gari dogo la Kijapani kwa grainda, akachokoa masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi (catalytic converter), kwa tindo na nyundo, vipande vikaangukia kwenye kiroba cha mnunuzi aliyekuwa anasubiri pale pale. Niliomba kimoja nikakielekeza juani: vitundu vya mraba, vidogo kama vya chujio la chai, vimenyooka upande hadi upande. Bomba likachomelewa likiwa tupu, gari likaondoka.

Mimi ni mwalimu wa kemia, na nasema kukatazwe, magari yakaguliwe.

Masega yale si chujio. Kuta za vile vitundu zimepakwa aliumina (oksidi ya alumini), na juu yake zimetawanywa chembe ndogo mno za metali za thamani, platinamu, paladiamu na rodiamu, gramu chache tu kwa gari zima. Platinamu ikiwa peke yake kwenye joto kali, chembe zake hukusanyana zikawa madonge, na sehemu ya kufanyia kazi inapungua. Ukiichanganya na paladiamu inatulia, haigandi madonge upesi. Lakini paladiamu hiyo hiyo ikiungana na rodiamu kwenye chembe moja, hupanda juu ikamfunika mwenzake, na rodiamu ndiyo hodari wa kuvunja oksidi za nitrojeni, gesi chafu za moshi wa gari. Ndiyo maana mara nyingi viwandani hupakwa tabaka tofauti. Watu wamehangaika miaka na ndoa hizi za metali, sisi tunazipiga nyundo!

— Mwalimu, mimi ni fundi, Moshi. Naletewa gari halivuti, kilima cha kawaida linashindwa. Masega yameziba, na mteja hana hela ya mapya. Nimwambie apaki gari ambalo ndilo linalomlisha? Halafu hata masega yakitolewa, mbona moshi mweusi hatuuoni?

— Fundi, hoja ya hela naikubali, ndiyo ngumu kuliko zote. Ila masega hayazibi bure. Plagi ikimisi, petroli ambayo haijaungua inakwenda kuwakia humo ndani mpaka udongo wa kauri wa masega yenyewe unayeyuka. Injini ikila oili, fosforasi ya oili inazifunika zile chembe. Tibu hilo kwanza, la sivyo hata mapya utayaua. Na kuhusu moshi, kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, haina rangi wala harufu. Masega mazima yakishapata joto, nyuzi 300 hivi, huigeuza kuwa kabonidioksidi. Bomba tupu huitoa ilivyo, na wa kwanza kuivuta ni dereva wa bodaboda aliyesimama nyuma yako kwenye foleni.

Ambaye masega yake yameziba kweli tumtafutie njia, hata ya kununua kwa awamu. Ninayempinga ni yule anayetoa mazima kwa sababu ya hela ya yule mnunuzi wa kiroba. Niambie kwa uaminifu, ndugu yangu: uliyotoa mwaka huu, mangapi yalikuwa yameziba?