Picha inakwamakwama ingawa kaunta inaonyesha zaidi ya fremu 60: nibadilishe kifaa gani kwanza?

KijanaWaUmoja

Hamjambo wenzangu. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa pesa mfukoni, maana nilizonazo ni chache na sitaki kununua kifaa ambacho hakitaondoa tatizo. Kompyuta yangu ni ya mezani, Dell OptiPlex 9020 ya umbo dogo, ya mtumba kutoka Uingereza, niliyoinunua katika duka moja hapa katikati ya jiji. Ina prosesa ya Core i5-4590, RAM (kumbukumbu ya muda) ya DDR3 ya gigabaiti 8 ikiwa kipande kimoja, diski ngumu ya gigabaiti 500 iliyokuja nayo, na kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti ya gigabaiti 4, ile ya kimo kifupi, ambayo niliiongeza baadaye. Monita ni ya 1920 kwa 1080, ya hezi 60.

Mchezo unaonisumbua ni GTA V, sehemu ya hadithi, kwa hiyo naamini intaneti haihusiki. Nikitembea kwa miguu mjini, picha inakwenda vizuri. Nikiingia kwenye gari na kukanyaga mafuta, hasa ninapovuka kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine, picha inaganda kwa kitambo kidogo, inaendelea, kisha inaganda tena, na mara nyingine majengo yaliyo mbele yanabaki kama matope mpaka nimeshagonga nguzo. Kinachonichanganya ni kwamba kaunta iliyo pembeni mwa skrini inaonyesha fremu, yaani picha, 60 hadi 75 kwa sekunde karibu muda wote. Nimeshusha ubora wa vivuli na nyasi, nimeweka draiva mpya, na hakuna kilichobadilika. Muuzaji wa kadi ananiambia imezeeka, niongeze pesa nichukue kubwa zaidi. Nina shilingi 6,000 tu kwa sasa. Je, ni kadi kweli?

BiSaketi

Ndugu, kadi usiiguse kwanza. Kasha lako linapokea kadi za kimo kifupi tu, na pawa saplai yake ni ya wati 255, isiyo na kebo ya ziada ya kulisha kadi kubwa. GTX 1050 Ti inatumia wati 75, na hizo ndizo wati zote ambazo kwa kawaida tundu la ubao mama linaweza kuipa kadi. Ukinunua kubwa kuliko hiyo utalazimika kubadilisha pawa saplai pia, na kwa bahati mbaya mashine za ofisi za aina hiyo hazitumii pawa saplai za umbo la kawaida, hivyo utajikuta unanunua kompyuta nyingine kwa awamu.

Jambo la pili ni hiyo kaunta, ambayo inakupotosha bila kusema uongo. Namba inayoonyeshwa ni idadi ya fremu zilizochorwa katika sekunde nzima, wala haisemi kila fremu ilikaa muda gani. Tuseme fremu 59 zimechorwa kwa milisekunde 14 kila moja, kisha ile ya 60 ikachukua milisekunde 170. Jumla ni milisekunde 996, kaunta itaandika 60 kwa fahari, nawe utakuwa umetazama picha moja iliyosimama kwa takriban sehemu ya sita ya sekunde huku gari likiwa kwenye kona. Jicho linaliona pengo hilo; wastani hauwezi kulionyesha. Kwa hiyo weka programu ya MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayokuja nayo, uwashe grafu ya muda wa fremu badala ya namba peke yake. Mstari ulionyooka ni dalili njema, na kila mwiba unaochomoza juu ni mkwamo mmoja.

Ukishaiwasha, naomba utufanyie majaribio mawili. Shusha ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720, uendeshe gari katika barabara ileile: ikiwa kaunta inapanda lakini miiba inabaki palepale, kadi haina hatia. Kisha simamisha gari kando ya barabara na usifanye lolote kwa muda; ikiwa miiba inakoma ukisimama na kurudi ukiondoka, mchezo unasubiri kitu kinachosomwa kutoka mahali fulani. Wakati huohuo acha Task Manager ikiwa wazi nyuma, utazame diski na RAM zimefikia asilimia ngapi picha inapoganda.

MzeeWaNyaya

Nakubaliana na dada kuhusu kadi, ila mimi ningeanzia kwenye RAM bila kungoja majaribio, kwa sababu hapo kuna kasoro inayoonekana kwa macho. Kipande kimoja maana yake ni njia moja ya kupitisha data. DDR3 ya 1600 hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde katika njia moja, na 25.6 katika njia mbili, na prosesa yenye viini vinne ambavyo kila kimoja hushughulikia kazi moja tu kwa wakati, kama hiyo i5, huumia sana inaposubiri data kutoka kwenye RAM, hasa katika mchezo wenye magari, watu na majengo mengi kwa pamoja. Halafu gigabaiti 8 zenyewe ni chache: Windows inachukua sehemu yake, kivinjari kilichoachwa wazi kinachukua sehemu yake, na mchezo unapewa mabaki. Kijana wangu, tafuta kipande kingine cha gigabaiti 8, kipya au cha mtumba, mradi kiwe cha kompyuta ya mezani, kwa maana vile vya laptopu ni vifupi na havitaingia kwenye tundu.

TundaLaSouthC

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kebo ya monita imechomekwa kwenye kadi na si kwenye ubao mama. Kwa fremu hizo nadhani iko sawa, lakini kuangalia hakugharimu kitu. Angalia pia joto la prosesa kwa programu ya HWiNFO, kwani mashine hizi hukaa miaka mingi ofisini bila kufunguliwa, mafuta ya kupozea yaliyo chini ya feni yakakauka na kuwa kama chaki. Mwisho, zima ile huduma ya Windows inayorekodi mchezo kimyakimya, kwa kuwa nayo huandika kwenye diski muda wote unapocheza.

KijanaWaUmoja

Asanteni sana. Kebo iko kwenye kadi, na joto la prosesa halikupita nyuzi 71. Huduma ya kurekodi ilikuwa imewashwa. Nimeizima, na miiba imepungua kidogo lakini haijaisha. Nikicheza kwa 1280 kwa 720, kaunta inapanda hadi 90 na zaidi, lakini gari likishika kasi miiba inarudi vilevile, mingine ikifika milisekunde 200. Nikisimama kando ya barabara, mstari unanyooka kabisa. Task Manager inaonyesha diski ikiwa asilimia 100 kila picha inapoganda, na RAM iko kwenye gigabaiti 7.3. Nimesakinisha pia CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, kama alivyonishauri rafiki yangu mmoja, nayo inaonyesha alama ya manjano kwenye diski, na mstari wa sekta zilizohamishwa una namba ambayo si sifuri. Hiyo maana yake nini?

BiSaketi

Maana yake ni kwamba jambo la kwanza leo si mchezo. Nakili picha, vyeti na kazi zako zote kwenye diski nyingine au mtandaoni kabla hujalala. Alama hiyo ya manjano husema kwamba baadhi ya sehemu za diski zimeharibika na diski imehamishia data kwenye akiba yake. Inaweza kuendelea hivyo miezi mingi, na inaweza kukufia umeme utakapokatika kesho jioni.

Sasa kuhusu kuganda kwenyewe. GTA V haipakii jiji lote kwa mara moja. Husoma barabara, majengo na rangi zake kutoka kwenye diski kadiri unavyosogea, ndiyo sababu ukitembea kwa miguu diski inamudu na ukiendesha gari inaachwa nyuma. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3, na kwa wastani kichwa cha kusomea hungoja nusu yake, yaani kama milisekunde 4, mpaka data ipite chini yake. Ongeza muda wa kichwa chenyewe kusogea hadi kwenye mstari unaotakiwa, ambao kwa kawaida ni milisekunde 8 au 9, utapata karibu 13 kwa faili moja ndogo tu. Monita yako inataka picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7. Mchezo ukiomba vipande kumi vilivyotawanyika kwenye diski kabla haujaweza kuendelea, hesabu tayari inazidi 130, na hapo sijataja sekta mbovu ambazo diski hurudiarudia kuzisoma. SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, haina kichwa wala sahani. Ombi la aina hiyo hulijibu kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde.

Kwa hiyo katika shilingi zako 6,000, SSD ndiyo ya kwanza. Chukua ya SATA ya inchi 2.5, kwa maana ubao mama wa 9020 hauna tundu la M.2, na ukionyeshwa kile kijikaratasi chembamba kinachofanana na RAM, kirudishe. Ya gigabaiti 240 itaonekana kama 223 ndani ya Windows, nao mchezo huo unakula zaidi ya 100, hivyo Windows na mchezo vitatosha lakini usiijaze pomoni.

MzeeWaNyaya

Dada amelieleza vizuri, na alama ya manjano inamaliza ubishi wa kipi kitangulie. Hata hivyo RAM yako ya 7.3 ina sehemu yake katika kesi hii. RAM inapojaa, Windows huhamishia data kwenye faili ya akiba iliyo kwenye diski ileile mbovu, kwa hiyo diski inafanya kazi mbili. Fungua Resource Monitor upande wa kumbukumbu, utazame safu ya Hard Faults (mara ambazo data inabidi isomwe kwenye diski kwa kuwa haimo kwenye RAM) unapoendesha gari. Ikipaa, pesa zitakazobaki ziende kwenye kipande cha pili. Ukikiweka, chomeka vipande viwili kwenye matundu ambayo ndoano zake ni nyeupe, kisha fungua programu ya CPU-Z uhakikishe inaandika Dual, yaani njia mbili. Ikiandika Single, umevichomeka vibaya.

KijanaWaUmoja

Nimerudi na majibu. SSD imewekwa, Windows nimeisakinisha upya, na kipande cha pili cha RAM nimekipata barabara ya Luthuli, Nairobi, cha mtumba baada ya kukijaribu palepale dukani. CPU-Z inaandika Dual. Majengo yanafika kabla yangu sasa, na ile miiba ya 200 sijaiona tena. Hata hivyo bado kuna mtetemo mdogo, hasa kaunta inaporuka kutoka 85 hadi 65 na kurudi. Si kuganda, ni kama picha inapepesuka.

BiSaketi

Huo ni ugonjwa mwingine na hauhitaji pesa. Monita yako inaonyesha picha 60 kwa sekunde, na kadi inazalisha idadi inayobadilika kila wakati, kwa hiyo baadhi ya picha zinakatwa katikati na nyingine zinarukwa. Fungua RivaTuner, uweke kikomo cha fremu kuwa 60, kisha urudishe tekscha (picha zinazofunika nyuso za vitu) kwenye kiwango cha juu ikiwa uliishusha, mradi kipimo cha kumbukumbu ya kadi ndani ya mipangilio ya mchezo kisipite zile gigabaiti 4. Ile diski ya zamani ichomoe kabisa, usiiachie hata filamu.