Hivi tunaangalia filamu au tunatafuta mchumba? Nimechoka na watu wa "hana sura"

Wakuu, salamu kwanza. Leo sina utani. Nimekuja kulalamika, na wahusika wamo humu humu wanasoma, kwa hiyo wasijifanye hawajui.

Tuko marafiki kadhaa hapa Busia, upande wa Uganda. Kuna wa malori, kuna wa kubadilisha hela pale mpakani, kuna fundi simu, na mimi. Jioni tunajibanza dukani kwa fundi, flashi inachomekwa, filamu inaanza. Mpaka hapo hakuna tatizo. Tatizo ni filamu ikiisha na watu wakaanza kutoa maoni.

Juzi tulikuwa na Sinners, ile ya Ryan Coogler ya 2025. Michael B. Jordan kacheza mapacha wawili, Smoke na Stack, wanaorudi kwao Mississippi mwaka 1932 kufungua ukumbi wa muziki, halafu usiku wanavamiwa na wanyonya damu. Mtu mmoja anacheza watu wawili, na humchanganyi hata akiwa kampa kisogo kamera! Stack ana meno ya dhahabu na maneno mengi, Smoke kanuna tu, hata kutembea kwao ni tofauti. Nikadhani angalau hilo tutalizungumza.

Wapi! Mjadala wa kwanza, wa pili na wa mwisho ulikuwa mmoja: "Smoke handisamu vile alimfuata nini yule mwanamke?"

Yule mwanamke ni Annie, na aliyemcheza ni Wunmi Mosaku, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia Uingereza. Kosa lake ni nini? Ni mweusi na ana mwili. Wa malori akasema mwongozaji angempa Smoke yule mweupe, Hailee Steinfeld, "ndo wanaendana". Wa kubadilisha hela akaongeza kwamba Annie anafanana na mama muuza samaki wa sokoni kwetu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Banange! Huyo mama muuza samaki si ndiye anayetukopesha mwezi ukiwa mkali?

Turudi kwenye filamu yenyewe. Smoke akirudi baada ya miaka, anaanzia kwenye kaburi la mtoto wao mchanga. Annie anamkuta pale. Wanabishana kuhusu dawa zake za mizizi, na Annie anamwambia kwamba dawa hizo zilimlinda yeye na pacha wake huko kote walikopita, ila hajui kwa nini hazikumlinda mtoto. Anasema hivyo bila kupiga kelele wala kujiliza. Yule jamaa mbabe wa kuua watu unamwona anakuwa mdogo mbele ya huyu mama. Sasa niambieni, ukiweka pale mtoto wa miaka ishirini mwenye kiuno cha nyigu, hilo kaburi nani ataliamini? Na baadaye, nani anakuwa wa kwanza kung'amua wageni wa mlangoni ni viumbe gani? Ni huyo huyo mnayesema hana mvuto.

Halafu mzee mmoja wetu, ambaye namheshimu, akasema eti hata Lupita Nyong'o "wanamlazimishia uzuri". Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo hapana. Lupita alikuja Uganda akamcheza mama wa Phiona Mutesi, yule binti mcheza chesi wa mtaa wa Katwe, Kampala, kwenye Queen of Katwe, filamu ya 2016, akawa mama wa Katwe kabisa, kitenge na maneno. Tuzo ya Oscar alikuwa nayo tayari tangu 2014. Mnataka alazimishiwe nini tena?

Daniel Kaluuya naye, mtoto wa wazazi Waganda aliyezaliwa London, aliyebeba Oscar mwaka 2021, kwenu ni "sura ngumu, kama wa boda wa stejini". Sasa mlitaka afanane na nani, na wazazi wake wametoka hapa hapa? Mnajitukana wenyewe halafu mnacheka. Kwenye Get Out jamaa kakaa kwenye kiti tu, macho yamemtoka, chozi linashuka, na wewe unashindwa kupumua. Forest Whitaker, kope ya jicho lake la kushoto imelegea, lakini alijifunza Kiswahili chetu hiki ili amcheze Amin, akaondoka na Oscar mwaka 2007. Angepita kwenye usaili wa duka la fundi simu? Asingepita hata mlangoni.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Nyinyi mnaojifanya waamuzi, hao waigizaji hamjawahi kuwasikia! Filamu zote mnaziangalia za VJ, yaani zilizotafsiriwa kwa Luganda na jamaa anayesimulia juu ya filamu. Mimi VJ nawapenda, Luganda yangu nusu nimejifunzia kwao, na wenzetu ng'ambo ya mpaka wana DJ Afro wao wa Kiswahili, raha tupu. Lakini VJ akishika maiki, sauti ya filamu inashushwa, yeye anaongea juu yake, anatia na vichekesho vyake. Ile sauti mnayoisifia kwamba "Jordan anajua kutongoza" ni ya jamaa wa Kampala! Sauti ya mwigizaji hamjaisikia, mnachobaki nacho ni sura, basi mnagawa maksi za sura. Nilipoleta nakala isiyo na VJ mkasinzia dakika ya kumi, fundi akaomba tuweke mpira.

Sikatai mtu kumtamani stelingi. Hata mimi nina wangu, na simtaji. Tamani uwezavyo, ila usiniambie mtu hajui kuigiza kwa sababu ungeona aibu kumpeleka kwa mama yako.

Wenye marafiki wa aina hii mnaishi nao vipi? Tafadhali asiniambie mtu nihame kundi, flashi ni yangu. Na wewe wa kubadilisha hela, kabla hujaja kujibu hapa, ile elfu kumi ya mafuta ya jenereta bado nakudai.